Gemu Nne za Kiti cha Nyuma

Dada yangu ana hasira. Naanza na hilo kwa sababu wateja wote huanza nalo. Ukiuliza mtaani kwa fundi wa viti vya magari ni wapi, utaelekezwa hivi: pita kituo cha mafuta, nyoosha mpaka kwenye geti la bati la buluu, halafu sikiliza. Pale utakapomsikia mwanamke anamgombeza mtu, ndipo hapo. Jina lake la kazi ni Mama Sponji. Mimi ni mdogo wake. Yeye anapima, anakata, anajaza sponji na kupigilia. Mimi nashona ganda la juu. Na nisiwadanganye, hasira zetu ni za ukoo. Mimi zangu nazishonea ndani tu.

Kazi aliirithi kwa mumewe. Shemeji alikuwa fundi, akafa ghafla, na wiki mbili baada ya mazishi wateja wakaanza kuja kuchukua viti vyao ambavyo havijakwisha. Kila mmoja alisema pole, pole sana, huku mkono mmoja ukiwa tayari kwenye kiti. Dada yangu akasimama getini na ule mkasi mkubwa wa kukatia ngozi. "Hakuna kiti kitakachotoka hapa kikiwa uchi," akasema. Vilikuwa viti kumi na vinne. Alivimaliza kwa miezi mitatu, vingine akavifumua na kuvirudia mpaka vidole vikatoa damu, na wale wale waliokuja kuchukua viti vyao wakaanza kumletea magari ya shemeji zao. Hiyo ni miaka ishirini na mbili iliyopita.

Ana mtindo mmoja ambao mafundi wenzake wanamchekea hadi leo. Hatoi kiti mpaka amekikalia. Si kukikalia kidogo. Anakifunga ndani ya gari, anafunga mlango, anakaa nusu saa na kikombe chake cha chai. Kiti cha dereva, anashika usukani. Cha nyuma, anakaa kama mtoto: anakunja miguu, anajilaza ubavu, anabandika shavu kwenye kioo. Anasema rangi nzuri imeshamdanganya mara nyingi, ila mgongo wake haujawahi kudanganywa. Mteja akilalamika kwamba anacheleweshewa gari lake ili fundi anywe chai, anapewa vidonge vyake pale pale.

Kwa hiyo siti za nyuma tunazijua kuliko wenye magari. Nusu ya kazi yetu ni matapishi ya watoto, niseme ukweli, yanatulisha. Na ukifungua kiti unaona kilichodondokea chini miaka yote. Zamani tulikuta gololi, vipande vya penseli, mdoli asiye na kichwa, karatasi zenye michoro ya baba mwenye masikio makubwa. Nilikuwa na kopo zima la vitu hivyo. Siku hizi tunakuta waya za chaji na karatasi za pipi, basi. Kopo langu halijapata kitu kipya huu mwaka wa tatu.

Sasa nimlete mtu wa tatu. Mjukuu wa dada yangu, mtoto wa binti yake wa pekee, ana miaka saba. Dada anamwita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na mtoto naye humwita bibi yake hivyo hivyo, tena kwa kujidai. Shule ikitoka analetwa karakana mpaka mama yake atoke kazini. Ana kigugumizi. Herufi fulani zinamgandia mdomoni, S na M na K hasa. Akifika hapo shingo inakaza, macho yanafumba, na watu wazima wote tuliomzunguka tunafanya kosa moja: tunamalizia. Akisema ma-ma-ma, huyu anasema maji, yule anasema matunda, mwingine anasema mama yako yuko kazini, kama tuko kwenye mashindano ya chemsha bongo. Mimi nimemmalizia maneno mtoto yule kwa miaka minne, na nilijiona nina huruma. Dada yangu peke yake hajawahi. Mwanamke asiyeweza kumsubiri mteja atafute funguo mfukoni, anamsubiri mtoto mpaka afike mwisho wa sentensi.

Baba yake mtoto, mkwe wetu, anauza saruji kwa jumla. Ni mtu wa simu. Si mtu mbaya; nalisema hilo ili haki itendeke, ingawa leo sina hamu na haki. Shule zilipokaribia kufungwa alipanga safari ya gari na mke na mtoto kwenda kwa wazazi wake, mwendo wa saa tisa barabarani. Huko ndugu wote wangekusanyika, na alikuwa ameshawaahidi kwamba binti yake atasimama mbele yao amsomee babu yake shairi. Kwa ajili ya safari hiyo akanunua tableti. Redioni wanaiita kishikwambi, lakini karakana hatuna muda wa neno refu namna hiyo.

Binti wa dada yangu akaileta jioni moja, akaiweka juu ya meza ya kukatia.

"Mama, nichagulie gemu za mtoto za njiani. Za kufurahisha, lakini awe anajifunza kitu."

"Mimi nashona viti. Sishoni kompyuta."

"Lakini wewe ndiye unayemjua."

Dada yangu akasonya. Nikajua amekubali.

Msichana wa duka la simu, jirani yetu, akatushushia gemu ishirini na tatu, zote zimeandikwa "elimu" na zote zina picha ya mtoto anayecheka. Mtu mwingine angezitazama pale pale kaunta, akachagua zenye rangi kali, akaondoka. Mama Sponji akasema lazima azikalie.

Karakana yetu ina gari moja lisilokwenda popote. Ni la viti saba, la kijivu, limeegemea ukuta mwaka wa nne sasa. Mwenyewe alituletea tushone viti, akahamia nchi nyingine kikazi, akasema atalifuata. Injini ilipelekwa kwa makanika, haikurudi. Dirisha moja la nyuma halina kioo. Lakini viti vyake ni vizuri kuliko vyote tulivyowahi kushona. Humo ndimo dada yangu alimozijaribia zile gemu, siku tano mfululizo, saa nane mchana jua likipiga kioo cha mbele. Alizima mtandao, akafunga milango, akaketi nyuma na mke mwenzake, tableti katikati yao. "Njiani hakuna mtandao na hakuna kivuli," akasema. Mimi nilisogeza cherehani karibu na lile dirisha lisilo na kioo, nikajitia nashona.

Kumi na moja zilikataa kufunguka. Tafadhali unganisha mtandao, tafadhali unganisha mtandao. "Ombaomba hawa," akazifuta.

Kulikuwa na moja ya kasuku anayefundisha kujumlisha. Mtoto akajibu sawasawa, kasuku akaruka: Hongera, una akili! Dada yangu akaichukua tableti, akaweka kiwiko juu ya kioo chake, akasugua ovyo. Hongera, una akili! Nyota tatu.

"Mdogo wangu!" akaniita kwa sauti iliyonifanya nijichome sindano. "Njoo uone kiwiko changu kina akili!"

Nyingine ilikuwa ya herufi. Kila baada ya herufi mbili lilitokea gurudumu la zawadi, linazunguka na muziki, mtoto anapata sarafu za kumnunulia sungura kofia. Kofia zikiisha za bure, inamwambia amwite mzazi aje na pesa za kweli. Baada ya nusu saa mtoto hakujua tena kama ni herufi au mboga, alikuwa anangoja gurudumu tu, mdomo wazi. Nikamsikia dada yangu anapumua kwa pua. Wapo mafundi wanaojaza matambara chini ya ngozi nzuri, na yeye huwataja kwa majina yao mbele ya wateja. "Hii ni matambara," akasema. "Aliyeitengeneza ana watoto kweli? Na akiwa nao, anawapa hii?" Mtoto akalia kidogo kwa ajili ya sungura. Dada akaifuta hivyo hivyo.

Siku ya tatu wakafungua gemu ya mkwe. Hiyo aliichagua mwenyewe, ya kulipia, na aliagiza isikosekane. Ilikuwa na picha ya mdomo mkubwa mwekundu. Mdomo unatamka neno, mtoto anarudia, na ana sekunde tatu. Neno la kwanza lilikuwa samaki.

"S-s-s—"

Kengele ikalia, mdomo ukageuka uso unaotoa machozi. Jaribu tena!

"Sssa—"

Jaribu tena!

Nilisimamisha cherehani. Nilitaka kumsemea, wallahi, neno lilikuwa kwenye ulimi wangu. Mara saba kengele ililia. Mara ya nane mtoto hakujaribu. Aliilaza ile tableti kifudifudi kwenye kiti, taratibu, akatazama dirishani, akasema neno zima bila kukwama popote: "Sitaki."

Dada yangu alishuka garini. Alizunguka gari mara mbili. Kisha akachukua ile fimbo tunayochapia sponji zitoke vumbi, akakichapa kiti cha lori kilichokuwa kinangoja zamu yake na hakikuwa na kosa lolote. "Machozi!" akasema kila alipopiga. "Inamlilia! Mtoto amekwama kwa herufi moja, na mashine inamlilia usoni!" Mteja mmoja aliyekuwa anaingia getini akageuka, akasema atarudi kesho.

Alipotulia akaifuta ile gemu. Najua iligharimu pesa, na yeye alijua.

Zile nne zilizopona nitazitaja, kwa sababu watu wengi walikuja kuniuliza baadaye. Moja ni ya kuunganisha vipande vya picha, haina saa wala kelele. Ya pili ni ya mizani ya dukani: ukikosea hesabu haikuzomei, mizani inalala upande mmoja na wewe mwenyewe unaona umekosea wapi. Ya tatu ina picha za vitu vya barabarani, daraja, lori la mafuta, mbuzi, mtu mwenye mwavuli, na huigusi picha mpaka umekiona kitu chenyewe nje. Hiyo aliipenda kwa sababu ya kazi yetu. Mtoto anayeinama kwenye kioo saa tisa lazima atapike, na anayetazama nje hatapiki.

Ya nne ilikuwa ya mwisho kwenye orodha na hatukuitegemea. Ukurasa mweupe, rangi sita, na kitufe chekundu. Unachora, unabonyeza kitufe, unasimulia ulichochora, nayo inahifadhi sauti yako pamoja na picha. Haina nyota. Haisemi hongera wala jaribu tena. Dada yangu aliitazama muda mrefu, halafu akahamia kiti cha mbele, akashika usukani.

"Mke mwenzangu, mimi ni dereva, wewe abiria. Dereva hageuki nyuma. Nisimulie tu."

Nikasikia kitufe kikilia. Halafu mtoto yule akasimulia habari za ng'ombe aliyenunua gari akapoteza funguo, akawa anawauliza wanyama wote, na kila mnyama anamjibu uongo wake. Alikwama mara nyingi, nilihesabu mpaka nikaacha. Lakini kila alipokwama alikaa pale pale kwenye herufi mpaka ikafunguka, akaendelea, maana hapakuwa na uso wa kumtazama wala mtu wa kumrukia. Mimi mwenyewe nilijiziba mdomo kwa kitambaa. Dakika kumi na moja. Sikuwahi kumsikia akisema hata dakika moja.

Dada yangu aliposhuka macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia, dada, usilie.

"Silii, nina hasira," akasema. "Miaka yote hii tunamkatiza mtoto, kumbe ana ng'ombe mwenye gari kichwani."

Siku moja kabla ya safari mkwe akapita kuchukua tableti. Aliingia simu ikiwa sikioni, akaishusha kidogo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai mama, niko mbio." Akaifungua tableti mezani. "Naona ile gemu ya matamshi haipo. Ilijifuta?"

"Niliifuta."

Mkwe wetu ana heshima. Hawezi kumpandishia sauti mama mkwe wake, kwa hiyo akaiambia meza. "Mama, samahani sana, ile niliitafuta mimi. Mtoto anahitaji kunyooshwa ulimi. Atasimama mbele ya watu kule. Watamcheka."

"Nani atamcheka?"

"Watu."

"Watu gani? Nitajie mmoja tu, umlete hapa, nimkalishe nizungumze naye."

Hakutaja. Alijua angekalishwa kweli. Dada yangu akamweleza zile gemu nne, moja moja, akampa na kipande cha boksi alichoandika kwa chaki ya kupimia ngozi. Ya nne alimweleza mara mbili: mwacheni asimulie, msigeuke, msimmalizie. Mkwe aliitikia kwa kichwa huku anasoma ujumbe.

"Sawa mama. Muhimu atulie tu njiani, nina simu nyingi za mzigo."

Hilo neno lake nililisikia, nikalidharau. Ningekuwa na akili ningelidaka pale pale.

Wakaondoka, wakakaa siku nne, wakarudi. Siku ya tano, mchana, mkwe akaja karakana na mtoto. Amevaa vizuri, anacheka, ana chupa mpya ya chai ya kumzawadia mama mkwe. Mtoto hakumkimbilia bibi yake. Alisalimia kwa kuinamisha kichwa, akaenda zake kukaa juu ya rundo la sponji.

"Mama, nimekuja kukushukuru," mkwe akasema. "Gemu zako kiboko. Mtoto kimya njia nzima! Kwenda kimya, kurudi kimya. Nimeongea na simu zangu zote. Wenzangu ofisini wanaomba ile orodha."

Dada yangu alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja.

"Kimya?"

"Kimya kabisa, mama. Kama hayumo."

"Na shairi?"

"Aa, shairi." Akacheka kidogo. "Alisimama, likamshinda. Nikalisoma mimi. Aibu ndogo, ikapita."

Dada yangu akanyoosha mkono, akaomba tableti. Akafungua ile gemu ya nne. Nilikuwa nyuma yake, nikaona. Kulikuwa na picha ishirini na sita. Akabonyeza ya kwanza, ikatoka sauti ya mtoto, changamfu, ng'ombe bado anatafuta funguo. Akaizima haraka. Akamtazama mkwe wake, akavuta pumzi, na kwa sauti ya upole ambayo mimi ilinitisha kuliko kelele zake zote akasema:

"Baba, kuna kiti nataka unijaribie."

Kila mtu anajua dada yangu hujaribisha viti. Mkwe hakushtuka. Akaingia nyuma ya lile gari la kijivu, akakaa vizuri, akaweka simu kwenye paja. Dada akafunga mlango wake. Yeye akapanda mbele, akashika usukani, akabonyeza, akairusha tableti nyuma kwenye kiti bila kugeuka. Mimi nilikwenda kwenye cherehani yangu. Sikujitia nashona safari hii.

Za kwanza nne zilikuwa ng'ombe. Mkwe alicheka mahali pa kucheka, nikamwona shingo inalegea. "Sikujua anaweza kusema hivi," akasema.

Ya tano ikakatwa katikati na sauti ya mwanamume: "Punguza sauti mwanangu, niko kwenye simu."

Ya sita mtoto alinong'ona. Ya saba alinong'ona zaidi, na nyuma yake unasikia mifuko mia sita ya saruji, mia sita, ndiyo bosi. Ya nane iliishia njiani.

Ya tisa ilianza na mtoto anaita. "Baba, angalia, n-n-nime—"

"Nimeona."

"Nn-nime—"

"Nimeona mwanangu, nzuri sana."

Binti wa dada yangu akasikika: "Hujageuka hata. Mwache amalize."

"Amalize lini? Tutafika hajamaliza. Babu yako utamsomea hivyo hivyo? Hebu sema vizuri, au nyamaza upumzishe mdomo. Haloo? Haloo bosi, samahani, endelea."

Pale garini mkwe akajikohoza. Ya kumi ikaanza yenyewe: injini. Muungurumo wa gari kwenye lami, lori linapita, muungurumo. Dakika moja na nusu, kisha kitufe. Ya kumi na moja: injini.

"Hizi hazina kitu, mama," mkwe akasema, akanyoosha kidole kuzipita.

"Sikiliza."

"Mama, ni gari tu hili—"

"Nimesema sikiliza!" Na hapo yule Mama Sponji ninayemjua akatoka mzima mzima, lakini hakugeuka, alilipigia kelele geti. "Umeniambia kimya! Umekuja na chupa ya chai kunishukuru kwa kimya! Mimi nilikupa gemu ya kumfungua mdomo mtoto, wewe ukauziba kwa mkono wako, halafu unanipa hongera! Kaa hapo. Kaa kama alivyokaa. Saa tisa alikaa!"

Akakaa. Injini ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, amekaa nyuma ya gari lisilo na injini anasikiliza injini. Nilitaka kumwonea huruma, nikakumbuka neno la samaki lililokuwa kwenye ulimi wangu, nikaona bora nijigombeze mimi kwanza. Kufikia ya kumi na tano aliacha kutazama saa. Akaanza kutazama picha. Niliziona kupitia dirishani. Picha zote kuanzia ya tisa zilikuwa moja: duara kubwa jeusi, sikio moja, na kitu cha mraba kwenye sikio. Kisogo cha mtu anayeongea na simu. Ya kwanza ilikuwa ya haraka haraka. Za mwisho aliziwekea hadi mistari ya kola ya shati.

Ya ishirini na sita ikaisha. Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, upande wa abiria. Mtoto alikuwa ameshuka kwenye sponji zake bila sisi kumwona, akapanda karibu na bibi yake, akatazama mbele kama bibi yake.

Mkwe akamwuliza binti yake kwa sauti ndogo, "Mama, mbona hizi hukusema kitu?"

Shingo ya mtoto ikakaza. Tukangoja. Baba yake akafungua mdomo kumsaidia. Dada yangu akainua kidole kimoja juu ya usukani, baba akafunga mdomo.

"Ni-nilisema," mtoto akajibu. "Ni-nilisemea m-m-moyoni. W-wewe ulikuwa unaongea."

Simu ikalia pajani kwa mkwe. Bosi, nadhani, au mzigo. Ililia, ikalia. Dada yangu akapeleka mkono nyuma, kiganja wazi, bila kugeuka. Mkwe akaitazama simu yake, akaiweka kwenye kile kiganja, na dada akaichomeka chini ya kiti cha dereva, pale zinapodondokea gololi. Iliendelea kulia humo humo mpaka ikachoka.

"Basi niambie sasa," mkwe akasema. "Ile ya kumi. Ulisema nini?"

Mtoto akafikiri. Getini mteja alikuwa anapiga hodi, wa kiti cha lori, nikampungia mkono arudi kesho. Bibi yake akashika usukani vizuri kwa mikono miwili.

"Usigeuke, m-mke mwenzangu," mtoto akamwambia. Akaanza.

Ya kumi peke yake ilichukua dakika tisa. Zilikuwa zimebaki kumi na sita.